Kichina Chuoni Egerton: Faida Zake, Gharama Zake na Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kujiandikisha

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa na mwalimu wa lugha mbele ya wazazi, walimu na vijana wa Kaunti ya Nakuru. Yamechapishwa hapa ili yawafikie wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.

 

Nimeombwa nijibu swali ambalo wazazi wengi wa kaunti hii wamekuwa wakiuliza wakati wa mikutano ya shule na hata sokoni: mtoto wangu akisoma Kichina, atapata nini? Wengine wameambiwa kwamba lugha hiyo ni mlango wa kazi wa moja kwa moja. Wengine wameambiwa ni kupoteza wakati na karo. Mimi sitasema hili wala lile. Nitaeleza programu hizi ni nini, zinafundisha nini, zinagharimu nini kwa wakati na bidii, na mzazi aulize maswali gani kabla ya kutoa hata shilingi moja. Waswahili walisema kuuliza si ujinga, na leo tutauliza.

Taasisi za Confucius zilifikaje Kenya

Programu nyingi za Kichina katika vyuo vikuu vyetu huendeshwa kupitia ofisi zinazoitwa Taasisi za Confucius. Jina hilo ni la mwalimu mashuhuri wa China ya kale, aliyeishi zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Serikali ya China ilianza kufungua taasisi hizi nje ya nchi mwaka wa 2004, ya kwanza ikiwa Seoul, Korea Kusini. Ya kwanza barani Afrika ilifunguliwa hapa kwetu, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwezi wa Desemba 2005.

Kila taasisi ni ndoa ya vyuo viwili: kimoja cha hapa na kimoja cha China. Chuo Kikuu cha Nairobi kinashirikiana na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Tianjin. Chuo Kikuu cha Kenyatta kinashirikiana na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Shandong. Chuo Kikuu cha Moi, kule Eldoret, kinashirikiana na Chuo Kikuu cha Donghua cha Shanghai. Na hapa kwetu Njoro, Chuo Kikuu cha Egerton kinashirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Nanjing.

Kwa kawaida taasisi huwa na wakurugenzi wawili, mmoja kutoka chuo cha hapa na mwingine kutoka chuo cha China. Upande wa China huleta walimu, vitabu na sehemu ya fedha. Upande wetu hutoa madarasa, ofisi na wanafunzi. Ni vizuri mkumbuke mpangilio huu, kwa sababu nitaurudia nikifika kwenye suala la nani huamua kinachofundishwa.

Jambo jingine la kueleweka mapema: vyuo vikuu viko chini ya serikali ya kitaifa, si ya kaunti. Katiba ya 2010 iliipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani. Kwa hivyo ukitaka kujua karo, tarehe za kujiandikisha au masharti ya kujiunga, aulizwe ni msajili wa chuo chenyewe. Ofisi ya wadi inaweza kukueleza habari za basari ya kaunti, lakini haiwezi kukupa nafasi chuoni.

Kwa nini Egerton ni tofauti

Wengi wenu mnaijua Egerton tangu utotoni. Ilianza mwaka wa 1939 kama shule ya kilimo na ikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 1987. Kilimo ndicho kitovu chake. Uhusiano wake na Nanjing nao ulianzia shambani kabla ya kufika darasa la lugha. Tangu miaka ya 1990 vyuo hivi viwili vimekuwa vikishirikiana katika kilimo cha bustani, yaani mboga, matunda na maua. Taasisi ya Confucius ilikuja baadaye, mwaka wa 2012, na ikajulikana kuwa ya kwanza duniani kuelekezwa kwenye kilimo. Pamoja na masomo ya lugha, ushirikiano huo umeleta maabara ya kuchunguza mimea na nafasi za wahadhiri na wanafunzi kwenda kusomea Nanjing.

Mfano wa Moi unafanana na huo. Donghua ni chuo chenye sifa katika nguo na nyuzi, na Chuo Kikuu cha Moi ndicho kilichonunua kiwanda cha Rivatex. Kwa hiyo kule Eldoret, Kichina kimefungwa pamoja na pamba, uzi na kitambaa.

Naitaja mifano hii miwili kwa sababu somo lake ni kubwa. Kichina peke yake ni chombo kisicho na mzigo. Mwenye kilimo na Kichina ana kitu cha kuuza. Mwenye umekanika na Kichina ana kitu cha kuuza. Mwenye uhasibu, udaktari wa mifugo, uuguzi au usimamizi wa hoteli akaongeza Kichina, naye ana kitu cha kuuza. Lakini mwenye Kichina tupu atashindana na vijana wa China wenyewe, ambao wamezaliwa nacho na wengi wao wamesoma Kiingereza shuleni. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza na wa msingi: kijana achague fani kwanza, kisha aongeze lugha juu yake.

Lugha yenyewe ikoje

Wengi huogopa Kichina kabla ya kukionja. Tukitazame kwa utulivu, maana kuna sehemu ambazo kwetu sisi ni rahisi na sehemu ambazo ni ngumu kweli.

Sehemu rahisi ni sarufi. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki. Sisi husema nilienda, ninaenda, nitaenda. Mchina huacha kitenzi kilivyo na kuongeza neno la wakati, kana kwamba anasema "jana mimi kwenda, kesho mimi kwenda." Hakuna ngeli. Neno moja, *tā*, katika mazungumzo lina maana ya mwanamume au mwanamke, sawasawa na "yeye" yetu. Miezi haina majina ya kukariri: ni mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mwezi wa tatu, kama wazee wetu wanavyohesabu. Kumi na moja ni "kumi moja", ishirini ni "mbili kumi". Mtoto wa gredi ya tatu anaweza kuhesabu hadi tisini na tisa baada ya kujifunza maneno kumi tu.

Kuna pia maneno ya kupimia vitu. Huwezi kusema tu "vitabu vitatu". Lazima kati ya tatu na kitabu uweke neno la kipimo. Sisi tuna mazoea hayo kidogo: mkungu wa ndizi, tita la kuni, jozi ya viatu, bunda la noti. Mchina hufanya hivyo kwa kila kitu anachokihesabu.

Sehemu ngumu ya kwanza ni toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Kimandarini, ambacho ndicho Kichina rasmi, kina toni nne na nyingine moja nyepesi. Silabi *ma* ikitamkwa kwa sauti ya juu iliyotulia ni mama. Ikipanda ni katani. Ikishuka kisha ikapanda ni farasi. Ikishuka kwa nguvu ni kukaripia. Ukikosea toni unaweza kumwita mama wa mwenyeji wako farasi. Hata hivyo, hapa Nakuru tuna bahati. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, lakini Kikuyu, Kikalenjin, Kijaluo na lugha nyingine nyingi tunazozungumza nyumbani zinazo. Mtoto anayezungumza vizuri lugha ya nyanya yake tayari ana sikio lililozoea kazi hiyo. Mzazi anayemkataza mtoto lugha ya nyumbani akidhani anamsaidia kujua lugha za kigeni anamnyang'anya kifaa ambacho angekihitaji.

Sehemu ngumu ya pili ni maandishi. Kichina hakina alfabeti kama yetu. Kina vibambo, na kila kibambo hujifunzwa kwa mkono, mchoro baada ya mchoro. Vingine vina mantiki inayoonekana: 木 ni mti, miti miwili, 林, ni kichaka cha miti, miti mitatu, 森, ni msitu. Lakini vingi havisomeki kwa kubahatisha. Orodha rasmi ya China ya mwaka wa 1988 ya vibambo vya matumizi ya kawaida ina vibambo 3,500. Wanafunzi wanaoanza husaidiwa na *pinyin*, mfumo wa kuandika matamshi kwa herufi za Kirumi uliopitishwa mwaka wa 1958. Mfumo huo ni gongo la kuanzia safari. Anayetaka kusoma mkataba au maelezo ya mashine lazima avijue vibambo.

Inachukua muda gani

Hapa naomba wazazi wanisikilize vizuri. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, inayofundisha wanadiplomasia wake lugha nyingi, imekadiria kwamba mtu anayezungumza Kiingereza huhitaji karibu saa 2,200 za darasani ili afanye kazi ya ofisi kwa Kimandarini. Tufanye hesabu. Mwanafunzi anayehudhuria saa 6 kwa wiki, kwa wiki 40 za mwaka, anapata saa 240. Kwa mwendo huo, saa 2,200 ni zaidi ya miaka tisa. Ndiyo maana wanaofaulu ni wale wanaoongeza mazoezi yao wenyewe kila siku, au wanaopata mwaka mzima wa kukaa China.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba baada ya miezi mitatu mwanao atakuwa mkalimani, huyo anauza maneno. Miezi mitatu inatosha kusalimia, kununua, kuuliza bei na kujieleza kwa sentensi fupi. Hilo nalo lina faida kwa mfanyabiashara. Lakini si ukalimani.

Kipimo kinachotambuliwa ni mtihani wa HSK, ambao ni wa kimataifa. Kwa miaka mingi umekuwa na viwango sita, na viwango vya juu zaidi, 7 hadi 9, viliongezwa mwaka wa 2022. Katika mpango huo wa viwango sita, kiwango cha kwanza kilihitaji maneno 150 tu, cha pili 300, cha tatu 600, cha nne 1,200, cha tano 2,500 na cha sita 5,000. Mwonekano wa hesabu hiyo unajieleza: kila hatua ni karibu mara mbili ya ile iliyotangulia. Kiwango cha nne ndicho ambacho vyuo vingi vya China huanza kukikubali kwa mwanafunzi anayetaka kusoma shahada kwa Kichina. Mwanafunzi akikuambia amesoma Kichina, muulize kwa upole: umefika HSK ngapi? Jibu litakuonyesha amefika wapi.

Utamaduni unaofundishwa

Programu hizi hazifundishi maneno tu. Kuna kuandika vibambo kwa brashi, kuna mazoezi ya *taiji*, mapishi, nyimbo na sherehe za Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari kwa sababu hufuata mwezi. Kila mwaka kuna pia mashindano ya lugha kwa wanafunzi wa vyuo, yaitwayo Daraja la Kichina, yaliyoanza mwaka wa 2002. Wanafunzi wa Kenya hushiriki, na washindi wa nchi husafiri kwenda kushindana na wenzao wa dunia.

Baadhi ya wazazi huuliza: haya yote yatamfaa nini mtoto wa Molo au Gilgil? Yatamfaa akikaa mezani na mtu. Katika adabu ya Kichina, kitu hupokewa kwa mikono miwili, kama tulivyofunzwa na wazazi wetu. Mtu huitwa kwa jina la ukoo na cheo, si kwa jina lake la kwanza. Mtoto humwita mgeni mzima "mjomba" au "shangazi" hata kama si jamaa. Mkenya aliyelelewa vizuri atayatambua mambo haya mara moja. Lakini pia kuna tofauti. Katika biashara, Mchina anaweza kukwepa kusema "hapana" waziwazi ili asimwaibishe mwenzake. Atasema jambo hilo "tutaliangalia" au "ni gumu kidogo". Asiyejua hurudi nyumbani akisubiri jibu ambalo tayari alipewa.

Kazi na soko

China ndiyo nchi ambayo Kenya huagiza bidhaa nyingi zaidi kutoka kwake, na sisi huiuzia kidogo sana tukilinganisha. Wafanyabiashara wetu wa nguo, simu, vipuri na vyombo vya nyumbani hufunga safari kwenda Guangzhou na Yiwu. Reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017 na ikafika upande wetu wa Naivasha mwaka wa 2019. Ilijengwa na kampuni ya China, na vijana wetu wengi walifanya kazi hapo chini ya wasimamizi waliozungumza Kichina.

Kwa wakulima kuna mfano wa karibu zaidi. Mwezi wa Agosti 2022 Kenya ilipeleka China shehena yake ya kwanza ya maparachichi mabichi. Soko hilo lina masharti. Shamba na mahali pa kufungashia lazima visajiliwe, KEPHIS wakague, na forodha ya China ikubali. Nyaraka hizo huenda na kurudi kati ya nchi mbili. Ushirika wa wakulima ulio na kijana mmoja aliyesoma kilimo na anayesoma Kichina hauhitaji kumtegemea dalali katika kila hatua. Anaweza kusoma tangazo la forodha siku linapotoka, kupiga simu kwa mnunuzi, na kujua bei ya huko bila kusimuliwa. Fedha iliyokuwa ikibaki kwa dalali inaweza kubaki kijijini.

Lakini tuseme ukweli wote. Kampuni nyingi za China zilizo hapa hufanya kazi kwa Kiingereza na mkalimani. Simu ya mkononi nayo siku hizi hutafsiri sentensi fupi. Kwa hiyo kazi ya kutafsiri salamu inakwisha. Inayobaki ni kazi inayohitaji kuaminiwa: mashauriano, mikataba, usalama kazini, matibabu, mafunzo ya mashine. Hapo kosa moja la tafsiri linaweza kumkata mtu mkono au kumpotezea shamba. Hiyo ndiyo kazi ya HSK 5 na 6, pamoja na fani.

Na kwa yeyote anayeajiriwa na kampuni yoyote ya kigeni, iwe ya China au ya kwingine: usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Katiba yetu, kifungu cha 7, imefanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Omba nakala kwa mojawapo ya lugha hizo. Uisome mpaka mwisho, au umpe mtu unayemwamini akusomee.

Ufadhili wa masomo, na matapeli wanaoufuata

Kuna njia mbili kuu za ufadhili. Ya kwanza ni ufadhili wa walimu wa lugha ya Kichina, ambao zamani uliitwa ufadhili wa Taasisi ya Confucius. Huwa na muda mbalimbali: wiki nne, muhula mmoja, mwaka mmoja wa lugha, au shahada nzima. Huomba matokeo ya HSK na pendekezo la taasisi ambako mwanafunzi alisoma. Ya pili ni ufadhili wa Serikali ya China, kwa shahada za fani zote. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza chini ya ufadhili huo kwa kawaida huanza na mwaka mmoja wa lugha kabla ya kuingia katika fani yake.

Maombi ya ufadhili huu hufanywa kwa mitandao rasmi, na matangazo yake hupitia wizara ya elimu, ubalozi na taasisi zenyewe. Hauuzwi. Mtu akikuomba shilingi elfu themanini "kushika nafasi", mpeleke kwa chifu au kituo cha polisi, usimpeleke benki.

Kuna aina ya utapeli inayoumiza vijana zaidi. Wanaambiwa wataenda China kusoma huku wakifanya kazi ya kulipa karo. Sheria ya China hairuhusu mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi bila idhini ya chuo chake na ya idara ya uhamiaji. Viza zao zina herufi: X ni ya masomo, Z ni ya kazi, L ni ya utalii. Kijana akiahidiwa kazi ya ualimu au ya kiwandani kisha akapewa viza ya L au X, ajue mapema kwamba atakuwa akivunja sheria tangu siku ya kwanza kazini, na mwenye kumpeleka hatakuwapo kumtetea. Wakala wa ajira za nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hakikisha usajili huo kabla ya kuuza ng'ombe.

Na ukichagua chuo cha nje kwa shahada, iulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kuhusu kutambuliwa kwa shahada hiyo hapa nyumbani. Swali hilo huulizwa kabla ya safari. Likiulizwa baada ya miaka minne, huenda jibu likawa chungu.

Nani huamua kinachofundishwa

Nilisema ningerudi kwenye suala la mpangilio. Katika nchi nyingine taasisi hizi zimezua mabishano. Chuo Kikuu cha Chicago kilisitisha mkataba wake mwaka wa 2014. Sweden imezifunga zote. Marekani, zilikuwa karibu 100 na sasa ni chache sana. Wanaozipinga husema kwamba fedha ya serikali ya kigeni ndani ya chuo huweza kuwafanya wahadhiri wakwepe mada ambazo serikali hiyo haizipendi. Wanaozitetea husema kwamba Uingereza ina British Council, Ufaransa ina Alliance Française, Ujerumani ina Taasisi ya Goethe, na hakuna anayezifukuza. Wa kwanza hujibu kwamba hizo zina majengo yao wenyewe, haziko ndani ya idara za chuo.

Mzazi na mlipa kodi ana haki ya kusikia hoja zote mbili. Maoni yangu ni haya. Chuo chetu kikikubali walimu na vitabu, kibaki na mambo matatu mkononi mwake: mtaala, mitihani ya shahada, na uhuru wa mwanafunzi kuuliza swali lolote darasani. Na lazima chuo kiandae walimu Wakenya wa Kichina, ili siku mgeni akiondoka somo lisiondoke naye. Mwanafunzi naye asome historia ya China kutoka vitabu vya pande nyingi, kama anavyopaswa kusoma historia ya Uingereza au ya Kenya yenyewe.

Jambo hili litawagusa hata wale wasiofika chuo kikuu. Mwaka wa 2019 Taasisi ya Kukuza Mitaala, KICD, ilitangaza mpango wa kuingiza Kimandarini kama lugha ya hiari shuleni, na katika mtaala wa umilisi ni miongoni mwa lugha za kigeni anazoweza kuchagua mwanafunzi wa sekondari ya juu pamoja na Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu. Shule haiwezi kulitoa somo bila mwalimu, na mwalimu huyo atatoka vyuoni. Kijana anayependa ualimu, hapo kuna nafasi.

Kiswahili chetu nacho kinasafiri

Nimalizie na jambo ambalo husahauliwa. Barabara hii ina pande mbili. Mwaka wa 1961 Radio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na katika mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Masomo ya Kigeni cha Beijing kilianza kukifundisha. Kwa zaidi ya miaka sitini wamekuwa wakiandaa Wachina wanaozungumza lugha yetu. Uhusiano wenyewe ni wa kale zaidi: mwaka wa 1415 wajumbe wa Malindi walifika katika kasri la mfalme wa China na twiga, na sarafu za China za enzi hiyo zimefukuliwa Mambrui na Manda.

Basi kijana anayekwenda Nanjing au Tianjin asiende mikono mitupu. Aende na Kiswahili sanifu, kilichosomwa vizuri, si cha kubabaisha. Huko kuna wanafunzi wanaotafuta wa kuzungumza naye, na kuna vitabu vinavyohitaji kutafsiriwa kutoka upande huu kwenda ule. Mkalimani mzuri ni yule aliye imara katika lugha mbili. Anayedharau ya kwanza hawezi kuijua ya pili.

Kwa muhtasari, mzazi, kabla ya kumwandikisha mwanao uliza maswali haya matano. Ana fani gani ambayo Kichina kitaiongezea nguvu? Kozi ina saa ngapi kwa wiki, na itamfikisha HSK ya ngapi? Cheti kinatolewa na nani, chuo au mtu binafsi? Karo inalipwa katika akaunti ya chuo au katika simu ya mtu? Na mwisho, mwanao mwenyewe anataka? Maana lugha haisomwi kwa amri. Saa elfu mbili ni nyingi mno kwa mtu asiyependa anachofanya, lakini kwa anayependa, haba na haba hujaza kibaba.

 Nitabaki hapa kujibu maswali, na vijana waanze.